Kigae cha Walcheren

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kahawa. Marinus Wisse aliinywa amesimama, akisubiri saruji ishike. Kamati ya ujenzi ilikuwa imegawa kigae kwa kila nyumba iliyojengwa upya kisiwani Walcheren, Uholanzi, baada ya vita: ng'ombe wa buluu akitoka majini, na chini yake, "Kilichozama kimeinuka, 1949." Alikibandika kando ya mlango.

Kufikia jioni kigae kilitoka jasho. Akalipangusa, akaonja kidole. Chumvi.

"Shemeji, saruji umeikoroga na maji ya bahari?" Tannetje, dada wa mkewe, alimtania. "Au ng'ombe wako anakojoa?"

Siku ya tatu nyumba ilinuka tope na mwani. Nyayo mbichi za miguu mitupu zilitoka mlangoni hadi kitandani kwa Jannetje, bintiye wa miaka saba.

"Mama amekuja, Baba," mtoto alinong'ona. "Anasema nimfuate."

Pieternella alichukuliwa na maji mwaka 1944, mabomu yalipopasua tuta la kuzuia bahari. Mwili haukuonekana. Miaka mitano Marinus alimwambia mtoto kwamba mama atarudi, na mwenyewe aliamini.

Jumapili mchana, majirani wakiwa kanisani, alisikia ndani ya kigae sauti ya mkewe ikimwita Jannetje, taratibu, kama alivyokuwa akimwita enzi za uhai wake, na yeye ambaye angepaswa kushika nyundo akivunje aliegemeza shavu pale penye ubaridi, akasikiliza, akasikiliza, mpaka nyuma yake akasikia mtoto akikoroma, akamkuta midomo imekuwa ya zambarau na shuka limelowa chapachapa.

Tannetje alikuja mbio, akamlaza mtoto kifudifudi. Maji ya chumvi yakamtoka.

"Huyo si dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini la maji, limevaa sauti yake. Nawe umeliandikia 'karibu' mlangoni kwa kigae hicho! Hukumtangaza Pieternella, Marinus. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kusema amekufa, kama ilivyo desturi, na jini limepata pa kuingilia."

"Nikimtangaza nitakuwa nimemuua."

"Usipomtangaza, utatangaza wawili."

Asubuhi alivaa suti nyeusi, akamwacha Jannetje mapajani mwa Tannetje, akabisha hodi mlango wa jirani wa kwanza. Akavua kofia.

"Natangaza kifo cha Pieternella, mke wangu."

Nyuma yake, kutoka nyumbani kwake, sauti ile ya mkewe ilipiga yowe ikimwita yeye kwa jina. Marinus hakugeuka. Akavaa kofia, akaenda mlango wa pili.