Pikapu ya Babu na Breki ya Kusalimiwa Mara Mbili

Asubuhi za kazi katika nyumba ya seremala zilianza kwa kamba. Seremala alipakia viti kwenye pikapu yake kuukuu, na mkewe alivuta kamba upande wa pili. Yeye ndiye aliyeshona mito ya viti hivyo, kwa hiyo hakutaka iguse vumbi. Binti yao wa mwisho, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku, alikuwa ameshakaa katikati ya kiti cha mbele, mkoba wa shule mapajani.

Pikapu ile waliiita Babu. Ilikuwa ya marehemu baba yake seremala. Rangi yake ya bluu ilikuwa imepauka, lakini seremala aliipangusa kila siku kama mtu anayemwosha uso mzazi wake.

Babu alikuwa na tabia moja. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedeli inazama tu. Ukikanyaga tena upesi, gari inasimama. Chiriku alitunga mchezo. Baba akikanyaga mara ya kwanza, yeye hupaza sauti, "Shikamoo, Babu!" Akikanyaga mara ya pili, baba hujibu kwa sauti nzito, "Marahabaa!" Hapo gari inasimama na wote wanacheka.

Mama naye alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. Moyo ulikuwa juu juu. Kila safari alishika mlango mpaka vidole vikauma. Chini ya miguu yake palikuwa na zulia, na chini ya zulia palikuwa na kipande cha mbao. Bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu. Kabla ya mbao kuwekwa, aliwahi kuona barabara ikikimbia chini ya visigino vyake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa uzito wake wote.

Jioni moja walirudi nyumbani wakamkuta wifi yake mama amesimama getini. Huyu ni dada mkubwa wa seremala. Kazi yake ni kukagua magari. Huingia shimoni na tochi, akatazama magari kwa chini.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahabaa!"

Pikapu ilisimama, bampa ikikaribia kugusa magoti ya wifi. Wote walicheka isipokuwa yeye.

"Mbona umekanyaga mara mbili?" aliuliza.

"Babu masikio yake mazito, dada," seremala alijibu. "Lazima umsalimie kwanza."

Wifi alichutama, akapitisha kidole upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Kidole kilirudi kimelowa, kinateleza.

"Haya si maji," alisema. "Ni mafuta ya breki. Mafuta hayo ndiyo yanayosukuma breki ukikanyaga pedeli. Yakivuja, hewa inaingia mahali pake. Ndiyo maana pedeli inazama. Ukikanyaga tena unapata nguvu kidogo, kwa leo. Siku yakiisha, utakanyaga mpaka mguu utoke upande wa pili."

"Dada, hii gari ni ya baba. Imejengwa kwa chuma, si makopo ya siku hizi."

"Baba ni wako peke yako? Na mimi si kanizaa? Ilete kwenye ukaguzi."

"Nitaileta wiki ijayo."

"Wiki yako ijayo naijua. Haina Jumatatu."

Usiku huo mama hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia mumewe, "Baba watoto, leo tusiitumie. Nitampeleka mtoto kwa miguu."

"Na wewe umeanza? Mteja anasubiri kitanda chake. Panda, mama, tutachelewa."

Alitaka kusema hapana. Neno lilimkwama kooni. Akapanda.

Njia ya shule inashuka mteremko mrefu. Chini kabisa kuna kivuko, na asubuhi kile kivuko hujaa watoto. Kitanda kilikuwa kizito, na Babu alishuka akizidi kushika kasi. Seremala alikanyaga breki.

"Shikamoo, Babu!" Chiriku alisema.

Pedeli ilizama. Akakanyaga tena. Ikazama vilevile.

"Shikamoo, Babu!" Chiriku alirudia, akicheka. Alidhani baba ananogesha mchezo.

Hakuna aliyeitika. Mama alitazama uso wa mumewe, akaona midomo imekuwa ya kijivu. Alitupa mkono wake mbele ya kifua cha mtoto, kwa maana kiti kile hakikuwa na mikanda. Kule chini, sare za shule zilikuwa zinavuka.

Seremala alivuta breki ya mkono. Ilikuja yote, laini, kama mwiko unaotoka kwenye uji. Akapiga honi bila kuachia. Akarudisha gia ndogo na injini ikapiga kelele. Akakata kona kuelekea kando, lakini usukani ulizunguka bure kwanza, ndipo magurudumu yakasikia. Mbele yao palikuwa na lundo la mchanga wa wajenzi. Babu aliliingia kwa pua, akatikisika, akazimika.

Kilisikika kitu kimoja tu: mchanga ukimwagika juu ya boneti.

Mama alimpapasa mtoto kichwa, mabega, magoti. Alikuwa mzima. Hatua chache mbele, watoto kivukoni walikuwa wamesimama, wanashangaa.

"Baba," Chiriku aliuliza, "mbona Babu hajaitika?"

Seremala aliinamisha kichwa juu ya usukani, akalia.

Siku ileile pikapu ilivutwa mpaka kwenye kituo cha ukaguzi. Wifi hakuikagua mwenyewe. "Ya ndugu yangu siigusi," alisema. "Mwenzangu ataikagua, mimi nitawaeleza."

Mwenzake aliingia shimoni. Sauti yake ilitoka chini ya gari.

"Paipu ya breki imeoza, imepasuka!"

"Kutu hiyo," wifi alieleza. "Paipu zikizeeka huliwa taratibu, na huwezi kuziona ukiwa umesimama."

"Breki ya mkono, waya umelegea! Usukani una mchezo, unazunguka bure! Taa ya breki ya kushoto haiwaki!"

Kisha walisikia nyundo ndogo. Ko, ko, ko. Halafu, pwa.

"Chasisi ina tundu hapa kwenye springi ya nyuma!"

"Chasisi ndiyo uti wa mgongo," wifi alisema. "Pikapu za zamani zimebeba mizigo miaka na miaka. Uzito wote unakaa pale. Ikikatika njiani, huna gari, una vipande."

Mkaguzi aliinua zulia la mbele, akatazama ile mbao. Ilikuwa imepigwa msasa na vanishi. "Kazi safi," alisema. "Ingekaa vizuri kabatini."

Hakuna aliyecheka. Pikapu ilikataliwa.

"Nilidhani ni tabia yake tu," seremala alisema polepole.

"Gari haina tabia, mdogo wangu. Hiyo ilikuwa dalili. Mmeizoea, mkaitungia na mchezo."

Ndipo neno la mama lilipotoka kooni. "Mwanangu hapandi tena humu mpaka mkaguzi aseme sawa. Hata kitanda kiwe cha nani."

"Umesema kweli, mama," mumewe alijibu.

Babu alikaa gereji siku nyingi. Fundi alibadilisha paipu zote za breki na kutoa hewa, akakaza usukani na breki ya mkono, akachomelea chasisi na kuweka bati jipya sakafuni. Taa ikatengenezwa, mikanda ikafungwa. Wakati wote huo seremala alisukuma viti kwa mkokoteni, na hakunung'unika. Pikapu ilirudi kwenye ukaguzi, ikapita.

Sasa asubuhi zao zinaanza kwa kuchungulia. Mama huinama kwanza, akatazama kama kuna tone chini ya gari. Seremala hufungua boneti, akaangalia kopo la mafuta ya breki, kisha hukanyaga pedeli na kuishikilia. Ikizama, hawatoki. Chiriku husimama nyuma, mbali kidogo, akitazama taa. "Inawaka! Na hii inawaka!" Na kila ukaguzi ukifika, Babu hupelekwa bila mtu kuhimizwa.

Siku ya kwanza kupita tena ule mteremko, mama alishika mlango toka juu. Sare zilikuwa zinavuka kule chini. Seremala alikanyaga breki mapema.

"Shika..." Chiriku alianza.

Pikapu ilikuwa imeshasimama.

"Hajaningoja hata nimalize!" mtoto alilalamika.

Mama aliwatazama watoto wa wenzake wakivuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Kisha akashusha visigino vyake sakafuni, akakanyaga kwa uzito wake wote.