Risasi za Alama Nyekundu

Mashine ilikohoa, ikanyamaza, na upepo ukaugeuza mtumbwi ubavu. Wimbi likaingia ndani. Odile Lizotte aliliona sanduku la chakula likielea, likizunguka, kisha likienda zake na ploi zote, zile chapati nyembamba za kwao, alizozikaanga mama yao alfajiri.

"Piga kafi, dada," alisema Réal, mdogo wake.

"Napiga. Wewe unafanya nini?"

"Nimeshika bunduki."

Odile alikuwa amemwambia wazunguke kando ya ufuko, kwa kuwa ziwa hilo la kaskazini mwa Maine halivukwi katikati mwezi wa Novemba. Réal alikuwa amecheka na kuelekeza mtumbwi ng'ambo. Sasa maji yaliwafika kiunoni wakiwa wamekaa. Wimbi jingine liliwanyanyua, likawatupa juu ya mawe ya upande wa pili. Mbao za mtumbwi zilipasuka kwa sauti kama ya kuni kavu.

Walitambaa hadi kwenye miti. Theluji nyembamba ilikuwa imeanza kudondoka. Odile alivua mkoba uliokuwa umefungwa mgongoni mwake, akatoa maganda mawili ya risasi za marisau, moja limechomekwa ndani ya jingine. Ndani yake mlikuwa na njiti za kiberiti, kavu kabisa. Baba yao aliwafundisha hivyo. Réal aliyaacha yake nyumbani.

Alichuna gome la mti mweupe, akawasha. Walivua nguo, wakazikausha kwa zamu, meno yakigongana.

"Mashine ilikuwa na maji kwenye mafuta," alisema Réal.

"Mashine ilikuwa na dereva mbishi."

"Anza sasa. Nilijua utaanza."

Bunduki ilikuwa imelala mapajani mwa Réal. Aliifuta kwa shati lake hata kabla ya kujifuta mwenyewe. Ilikuwa ya baba yao, Onésime, bunduki ya zamani ya kukokwa kwa wenzo wa chini, yenye bomba la risasi lililolala chini ya mtutu. Ilikula risasi ya kipimo cha thelathini na tano, nene, nzito, isiyo na mbio. Kwenye misitu minene ambamo huoni mbali kuliko upana wa shamba la viazi, hiyo ndiyo iliyoangusha nyama ya Walizotte tangu babu.

Réal akiwa mtoto hakuwa na subira ya kukaa. Aliyekaa mezani na baba alikuwa Odile. Ndiye aliyejifunza kupima baruti, kupachika fataki kwenye tako la ganda, kukandamiza kichwa cha risasi mpaka kikae sawa. Onésime alipokufa, bunduki ilikwenda kwa Réal, maana kwa Walizotte bunduki huenda kwa mtoto wa kiume. Odile alipewa mashine ya kushindilia risasi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Tangu hapo kila vuli yeye alishindilia na Réal akapiga.

Mwaka huu ulikuwa tofauti. Kibali cha kumwinda orinyali, yule mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kuliko farasi, hutolewa kwa bahati nasibu, na Odile alikuwa akiandikisha jina lake tangu alipokuwa bibi harusi. Sasa alikuwa mjane mwenye mvi, na jina lake likatoka. Walikubaliana mbele ya mama yao: orinyali atapigwa na Odile, kwa bunduki ya baba. Odile hakuwahi kutaka kitu kingine kwa muda mrefu hivyo.

"Tutafuata kijito," alisema sasa. "Kinashuka hadi daraja la barabara ya magogo."

"Najua. Mimi ndiye ninayeipita kila siku na lori."

"Basi utafurahi kuiona kwa miguu."

Walilala wamegandamana kama walivyolala utotoni, na asubuhi wakaondoka.

Kijito kilikuwa na barafu kingoni. Walikunywa kwa kofia ya Odile, maji yakiuma meno. Njaa ilianza kuwauma. Miti ya misonobari ilikuwa imeanguka hovyo, mmoja juu ya mwingine, na kila hatua ilikuwa kupanda au kupita chini. Réal alitangulia na bunduki. Odile alifuata na mkoba.

Mchana kijito kilifunguka na kuwa kinamasi. Hapo alikuwapo.

Orinyali dume alisimama ndani ya maji ya magoti, mweusi, bega lake juu kuliko kichwa cha mtu. Alikuwa akitafuna. Alipoinua kichwa maji yalimwagika kutoka pembe zake pana, naye akawatazama kwa upole wa ng'ombe wa jirani.

Odile alinyoosha mkono. "Nipe."

Réal hakugeuka.

"Réal. Nipe bunduki."

"Utamkosa. Mikono inakutetemeka."

"Mikono yangu haitetemeki."

Bunduki ilikuwa tayari begani mwake. Mlio ulizunguka kinamasi chote. Orinyali alijikunja katikati, kama aliyepigwa teke tumboni, akageuka na kupotelea kwenye misonobari kwa kishindo.

Odile alijua. Mnyama aliyepigwa kifuani hajikunji hivyo. "Umempiga tumbo."

"Nimempiga."

"Umempiga tumbo, Réal. Sasa tukae. Akilala chini hataamka. Ukimkimbiza atakwenda mpaka Kanada na utumbo wake."

"Na sisi tule nini tukikaa? Theluji?" Alikoka wenzo na kuuvuta tena. Bomba lilikuwa tupu. Alikuwa na moja tu, ile aliyoipiga. Akauvuta mkoba kutoka begani kwa Odile, akaingiza mkono na kutoa risasi kwa ngumi.

Zilikuwa na alama nyekundu matakoni.

Rangi ile ilikuwa ya kucha. Odile aliipaka mwenyewe, moja moja. Mwaka huo duka la mjini halikuwa na vichwa bapa vya thelathini na tano. Watu wamehamia bunduki mpya, na za wazee zinasubiri kiwanda kikumbuke. Vilikuwepo vichwa vya unene uleule, lakini vya ncha kali. Kwenye bunduki ya bomba risasi hulala kwenye mstari, pua ya moja imegusa tako la nyingine, palepale kwenye fataki. Pua bapa husukuma tu. Pua kali, bunduki inapopiga teke, hugonga fataki kama msumari na kuilipua.

Ndiyo maana jikoni, kabla hawajaondoka, Réal akitafuna na mama yao akigeuza ploi kikaangoni, Odile alikuwa amepanga risasi zile mezani na kusema polepole: "Za alama nyekundu utie mbili tu. Moja kwenye chemba, moja kwenye bomba. Hapo hakuna pua inayogusa fataki. Usizidishe hata moja."

"Ndiyo, Bwana Jenerali," Réal alikuwa amejibu, na mama yao alikuwa amecheka.

Sasa alikuwa akizisukuma bombani, moja baada ya nyingine.

"Mbili tu," alisema Odile.

"Kwa mbili nitamuua nani?"

"Réal, nilikwambia mezani." Alimshika mkono. Yeye akampiga kiwiko cha kifua, si kwa nguvu sana, kama mtu anayefukuza mbwa mlangoni, akaingia msituni akikimbia.

Odile alikimbia nyuma yake akiita jina lake. Alimwona orinyali amesimama kati ya miti, ameinamisha kichwa, damu nyeusi ikichuruzika ubavuni. Alimwona Réal akiinua bunduki. Mlio wa kwanza ulikuwa ule anaoujua. Wa pili ulikuja ndani ya wa kwanza, mkali na wa bati, na kipande cha mbao kikampita Odile sikioni.

Réal alikuwa amekaa kwenye theluji. Ule mti wa chini ya mtutu, pale mkono wa kushoto unaposhika, haukuwepo tena. Bomba lilikuwa limefunuka kama ganda la ndizi. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto kwa mshangao, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole cha mwisho na kinachofuata havikuwapo, na kiganja kilikuwa wazi.

"Baruti yako," alisema. "Umezidisha baruti."

Odile alipiga magoti kando yake. Alivuta mkanda wa suruali yake, akaufunga juu ya kiwiko, akakaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua. Alichimba chini ya theluji akatoa majani laini ya kinamasi, yale yanayofyonza maji, ambayo bibi zao waliwekea watoto wachanga. Akayakamua, akayajaza kwenye kiganja, akafunga kwa kitambaa cha kichwa.

"Simama."

"Orinyali yuko wapi?"

"Amekwenda. Simama."

Safari kutoka hapo ilikuwa ya mwendo wa mtoto. Réal alimwegemea, mzito, akinuka baruti na nywele zilizoungua. Kila walipopumzika Odile alilegeza kijiti kidogo, akasubiri mkono upate rangi, akakaza tena. Alimnywesha kwa kofia. Alipotaka kulala alimfinya sikio.

"Niache na bunduki hapa," alisema Réal. "Nenda ukaite watu."

"Nikikuacha utalala, na ukilala umekwisha."

"Unanichukia, Odile."

"Inua mguu. Kuna gogo."

Alibeba bunduki pia. Réal aliuliza kwa nini, nayo imekufa. Odile hakumwambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kutembea msituni nayo begani mwake mwenyewe.

Mwanga ulipoanza kuwa wa kijivu walisikia breki za lori, mbali, zikinguruma kuteremka mlima. Réal aliinua kichwa. "Ni kilima cha daraja. Kushoto. Kijito kinatudanganya, kinazunguka. Kata kushoto."

"Una hakika?"

"Hiki ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko wewe."

Walikata kushoto, wakazama kwenye matope mpaka mapajani, na hapo Réal akakaa na hakusimama tena. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Odile alivuta, akashindwa. Akavuta tena.

Aliichukua bunduki. Alifungua wenzo, akaelekeza mtutu kwenye theluji nyeupe na kuchungulia kutoka nyuma. Ndani mlikuwa safi, duara kamili la mwanga. Kilichopasuka ni bomba. Mtutu wa baba ulikuwa mzima.

"Itakupasua uso," Réal alinong'ona.

"Moja moja haipasui."

Alitia risasi ya alama nyekundu kwa mkono, moja kwa moja kwenye chemba, akafunga, akapiga angani. Akahesabu pumzi. Akatia nyingine, akapiga. Akatia ya tatu. Milio mitatu iliyopangwa sawa, ishara ya kuomba msaada, ambayo kila mtu wa bondeni akiisikia huacha alichoshika.

Kimya. Theluji ilidondoka juu ya ndevu za Réal na haikuyeyuka.

Kisha honi ya lori ikalia, ndefu, mara tatu.

Aliyewafikia alikuwa Gédéon Thériault, dereva mwenzake Réal, mtu mnene mwenye tochi na chupa ya chai. Alimulika bunduki, akamulika mkono, na utani aliokuja nao ukamkauka mdomoni. "Nani amefunga hivi?" aliuliza. Odile alinyoosha kidole kifuani mwake. "Basi mtoto wa mama ana bahati," alisema Gédéon, akambeba mabegani kama gunia la viazi.

Askari wa wanyamapori alikuja hospitali na daftari. Alikuwa amemkuta orinyali, amekufa kwenye kinamasi kingine, kunguru wamemfungua. Nyama yote imeharibika. Kibali cha Odile kilikuwa kimetumika. Kisha akauliza kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa chao, ni nani aliyetengeneza risasi zile.

"Dada yangu," alijibu Réal kwa Kiingereza. "Hushindilia mwenyewe, nyumbani. Unajua mambo ya nyumbani yalivyo."

Wajomba walikuwapo chumbani. Wote walimgeukia Odile.

"Nilimwambia mbili tu," alisema Odile. "Mama alikuwapo. Mama, ulisikia."

Mama yao alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameushika mkono mzima wa Réal. Alifungua mkoba wake, akatafuta kitu, akaufunga.

"Nilikuwa nakaanga ploi, mwanangu," alisema. "Mafuta yanapiga kelele. Sikusikia kitu."

Réal alitazama dirishani.

Majira ya kuchipua mama alimletea Odile bunduki, imefungwa kwenye blanketi. Réal hawezi tena kushika kitu kizito kwa kushoto, alisema, na fundi wa mjini amekataa kuigusa. "Baba yako angependa uwe nayo."

Odile aliiweka juu ya meza ya kushindilia. Alikata bomba lote na kuliondoa. Alichonga mti mpya wa kushikia, akaupaka mafuta, akaujaribu mkononi mara nyingi mpaka ukakaa. Risasi za alama nyekundu zilizobaki alizipanga kwenye kopo.

Novemba iliporudi, msimu wa kulungu, ambao hauhitaji bahati nasibu, mama alisimama mlangoni akimtazama akifunga viatu.

"Réal anaomba mwende pamoja. Atabeba mkoba tu, anasema. Ni mdogo wako."

Odile alichukua risasi moja ya ncha kali, akaitia mfukoni, akaning'iniza bunduki begani.

"Haina bomba tena, Mama," alisema. "Inabeba risasi ya mtu mmoja."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu ili baridi isiingie kwa mama yake.