Kila Njia Inapita kwa Déo

— Déo! Kuya hapa!

Déogratias alikuja mbio. Shalom alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa kuingilia hospitali, vidole vikitembea juu ya ubao wa ramani. Haoni tangu utotoni, na chama cha wasioona cha Likasi kilimtuma aipime ramani aliyotengeneza Déo: kamba ni njia, vifungo ni milango, msasa ni ngazi. Akikubali, inapigiliwa ukutani. Akikataa, kazi bure. Lakini si ramani iliyomnyima Déo usingizi. Kijana alikuwa amekufa ameoza kwa Shalom, na ulimi umegoma kusema.

— Ku pharmacie, kamba inapita ku mulango moya. Ku laboratoire, ule ule. Hata ku maternité! Ni mulango ya nani?

— Ya... bureau yangu.

— Mwanamuke iko na uchungu ya kuzaa, apite kwako kukusalimia?

— Nilitaka weye upitake pale.

— Juu ya nini?

 Déo, mwanaume mzima na ndevu zake, akatimua mbio, akajifungia ofisini na kutuma ujumbe.

Masikini, alisahau kwamba simu ya Shalom husoma ujumbe kwa sauti. Kupitia mlango alimsikia yule mama wa kwenye simu, kwa lafudhi yake ya Kifaransa, akiwatangazia wagonjwa wote kwenye foleni:

"Shalom, nakupenda sana. Nilipindisha njia juu nikuone kila siku. Tafazali, usiambie mutu."

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Mama Viviane, aliyekuja akilia jino, alipaza sauti:

— Mutoto, mujibu basi! Tunangoya!

Simu ya Déo ikalia.

— Allô?

— Nimekasirika, Déo. Mutu ya kiti ya magurudumu, muzee ya fimbo, bote bazunguke juu ya roho yako? Kudanganya bipofu ni mubaya sana.

Hapo Déo aliona aibu ya kweli, aibu ya kazi.

— Unisamehe. Leo leo nitanyoosha njia zote.

— Na mapenzi yako, nilijua zamani. Ile parfum unajimwangia, hata kule mbali ku Kakontwe banaisikia!

— Sasa... unakubali?

— Ramani, hapana.

Déo alikaa chini. 

— Weye, ndiyo.