Kinyozi Aliyelewa kwa Kifuniko

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitia kwanza kwa kinyozi. Si kwamba alikuwa na nywele za kunyoa. Kinyozi mwenyewe ndiye baba yake. Alikuwa akisukumiza begi chini ya benchi la wateja, anachukua ufagio, na huku anafagia nywele anaanza ile kazi iliyompa jina lake: kuiga watu. Alimwiga mwalimu wa hesabu anavyopandisha suruali kabla ya kuuliza swali gumu. Alimwiga jirani yao akizungumza huku ana mafua. Wateja walicheka mpaka baba akawa analazimika kuinua wembe juu asije akamkata mtu.

"We Kasuku, tulia! Nikitoa sikio la mtu hapa utalishona wewe?"

"Mwache bwana, mtoto ana kipaji," alisema Mwashi. Huyu alikuwa fundi wa kujenga, rafiki wa baba tangu utoto. Kichwani alikuwa na nywele za kuhesabika, lakini hapo kwa kinyozi hakukosekana. "Kipaji chenyewe karithi kwa nani kama si kwako?"

Ni kweli. Baba yake Kasuku alikuwa mcheshi kupita wote, na zamani alikuwa pia mnene kupita wote. Mlangoni alipita kwa ubavu. Kiti alichokikalia kililia kabla hajakaa sawasawa. Mwenyewe alijitania kabla watu hawajamtania, lakini nyumbani mama alijua ukweli: kisukari kilikuwa kinapanda, miguu inavimba kwa kusimama kutwa, na usiku pumzi zinakatika. Mwishowe madaktari wakamshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Akafanyiwa, akapona.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimkalisha chini.

"Sasa tumbo lako ni dogo kama la mtoto. Kula kidogo, tafuna sana, meza vitamini zako kila siku, na kliniki usikose. Na pombe, sahau kabisa. Kwa mtu aliyepasuliwa hivi, pombe inakimbilia kwenye damu kama moto kwenye nyasi kavu."

Baba aliitikia kila kitu. Kuitikia ni rahisi.

Kilichokuwa kigumu ni mezani. Baba, aliyezoea kuwa wa mwisho kuacha sahani, sasa alikula vijiko vichache akabaki anawatazama wenzake wanavyotafuna. Kwake yeye chakula hakikuwa cha kushibisha tu. Akifurahi alikula, akihuzunika alikula. Sasa furaha na huzuni zote mbili zilikosa pa kukaa. Lakini mwili ulikuwa unapungua, na kila suruali ilipompwaya mama aliivuta kwenye cherehani yake akaipunguza huku anaimba.

Basi siku moja Mwashi alimaliza kuezeka nyumba ya mtu, akaja na chupa kusherehekea.

"Mimi nimekatazwa," alisema baba.

"Onja kifuniko tu, bwana! Kifuniko nacho ni pombe?"

Baba alionja. Kifuniko kikaita glasi. Haukupita muda, baba akaanza kuimba, akayumba, akachukua brashi ya poda, na badala ya kumpaka mteja shingoni akampaka usoni, mteja akawa mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Watu walicheka wakashika mbavu.

"Umekuwa rahisi siku hizi!" alipiga kelele Mwashi. "Zamani ulimaliza kreti na hujatikisika. Leo kifuniko tu!"

Kuanzia hapo ukawa mchezo. Kila mwenye chupa alipitia kumwona kinyozi anayelewa kwa kifuniko. Na Kasuku, kasuku kweli, akajifunza ule mwendo: mguu huku, mguu kule, mikono inatafuta ukuta. Shuleni wenzake walimzunguka wakati wa mapumziko. "Fanya baba'ako! Fanya baba'ako!" Naye akafanya.

Mchana mmoja alitaka kufuta mashine ya kunyolea, akachukua chupa ya spiriti. Alipoifungua, harufu haikuwa ya spiriti.

"Baba, hii mbona…"

Baba aliweka kidole mdomoni, akamkonyeza. "Shh! Hii ni siri ya wacheshi wawili, mimi na wewe. Mama yako akijua atatununia mpaka mwakani. Tumeelewana, Kasuku wangu?"

"Tumeelewana."

Alijiona mkubwa siku hiyo. Mtu mzima kumpa yeye siri! Alitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Lakini siri ile ikaanza kuota meno. Baba aliacha kwenda kliniki, kila mara ilikuwa "wiki ijayo." Vidonge vya vitamini vilikaa kwenye kopo mpaka vikashika vumbi. Hata kile chakula kidogo alikuwa anakitapika nyuma ya nyumba, akirudi anafuta mdomo na kutoa utani. Suruali zikampwaya tena. Mama akazipunguza tena, akiimba.

Ikafika Jumamosi moja. Kasuku alikuwa na baba tangu kuamka. Walikunywa chai pamoja, wakaenda kazini pamoja, wakafungua mlango pamoja, na kwa macho yake aliona baba hajaigusa ile chupa. Hata hivyo baba alikuwa anatembea ametanua miguu, kama sakafu inamkimbia.

"Asubuhi yote hii, kinyozi?" alicheka mteja.

Kasuku naye alianza kucheka. Akaitazama ile chupa, akaacha.

Benchi lilipojaa, wateja wakamwomba baba awape kisa chake cha siku zote, kile cha mzee mwenye upara. Kila mtu alikijua, na kila mtu alitaka kukisikia tena. Baba akakohoa, akaanza.

"Mzee mmoja, kichwa kinang'aa kama sufuria, kaingia kwa kinyozi, kakaa kwenye kiti. Kinyozi akamwuliza, 'Mzee wangu, leo nikufanyie nini?' Mzee akamwambia…"

Akanyamaza.

Wateja walisubiri. Mmoja akaanza kucheka, akidhani kinyozi anawachelewesha makusudi. Wengine wakafuata. Lakini Kasuku alikuwa anamtazama baba kwenye kioo. Macho yake yalikuwa yanatetema, yanakwenda huku na huku, yanatafuta kitu ambacho kilikuwa hapo siku zote na sasa hakipo.

Kasuku hakuweza kuvumilia. Akaigiza sauti ya baba, nene, ya kukwaruza: "'Nimezifuata zile nilizokuachia mwaka jana! Huko nyumbani zimenipungukia!'"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka sana, kama ndiyo kwanza anakisikia.

Walipobaki wawili, Kasuku alimwuliza, "Baba, ulisahau?"

"Nani kasahau? Nilikuwa nakupima wewe."

Jioni mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Wewe leo mbona kimya? Kasuku wangu kanyeshewa na mvua?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Kasuku alilimeza. "Nimechoka tu, mama."

Jumatatu, Kasuku ndiyo kwanza anaingia kutoka shule, baba alianguka kazini. Aliegemea kioo, kioo hakikumsaidia, akateleza mpaka chini na aproni mkononi. Mwashi ndiye aliyembeba hadi hospitali. Alimbeba peke yake, yule mtu aliyekuwa hapiti mlangoni, na njia nzima alikuwa anarudia, "Mwepesi hivi? Jamani, mwepesi hivi?"

Daktari alimmulika baba machoni, akamgongagonga magoti. Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa amefika mbio.

"Anakunywa pombe?"

"Hapana, daktari. Tangu apasuliwe hajaonja. Mimi ndiye mke wake, ningejua."

Mwashi alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Kasuku alimtazama baba ili ampe ruhusa ya kusema. Baba naye alimtazama, lakini kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani, kwa upole, bila kumfahamu. Hapo ndipo Kasuku alipoelewa kwamba siri ile ilikuwa imebaki kwake peke yake. Mwenzake hakuwa nayo tena.

"Anakunywa," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Kila siku. Ameiweka kwenye chupa ya spiriti. Vidonge hamezi. Chakula anatapika. Na Jumamosi alikuwa anayumba na hakuwa amekunywa chochote, daktari. Hakunywa, mimi nilikuwepo, na tulimcheka!"

Mama alikaa kwenye kitanda kama aliyesukumwa. Daktari hakugomba. Aligeuka akamwita nesi, wakamtundikia baba dripu yenye dawa ya vitamini haraka.

Baadaye alikuja kuwaeleza kwenye benchi la nje. Mtu aliyepunguzwa tumbo, alisema, hupata vitamini kwa shida. Akiongeza pombe na kutapika, zile kidogo nazo zinakwisha, na ubongo na mishipa huanza kuumia. Ndiyo maana ya kuyumba. Ndiyo maana ya yale macho na kule kusahau. "Umesema leo na tumewahi kuyaokoa maisha yake," alimwambia Kasuku. "Mengine tutasubiri tuone."

"Ningesema Jumamosi je?" aliuliza Kasuku.

Daktari alikaa kando yake. "Ingekuwa bora zaidi. Sitakudanganya."

Kasuku alilia mpaka kola ya sare ikalowa. Mama alimvuta kifuani.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nimelala kitanda kimoja naye na sikuona. Nimezipunguza suruali zake nikifurahi, kumbe nampima mgonjwa. Mwashi kamimina na kucheka. Baba yako kakutwisha wewe mzigo wa watu wazima, na hilo ni kosa lake, si lako. Lakini lishike hili mpaka uzeeke: mtu akikwambia 'usiseme' kuhusu jambo linalomuumiza, hiyo si siri ya kutunza. Sema. Atakununia, akununie. Anayenuna yuko hai."

Mwashi alipiga magoti mbele ya mama, mtu mzima na ndevu zake. Mama hakumwinua. Wala hakumfukuza.

Baba alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, na miguu ikapata nguvu polepole. Macho yakatulia. Pombe hakuigusa tena, kwa msaada wa kundi la watu walioiacha ambao hukutana naye kila wiki, na kliniki Mwashi mwenyewe ndiye anayempeleka. Kazini kiti kimechukuliwa na kinyozi kijana, kwa sababu wembe hautaki mkono unaotetemeka. Baba hukaa kwenye benchi na wateja. Mambo ya zamani anayakumbuka yote. Ya karibuni yanamponyoka kama maji kwenye kiganja.

Kasuku bado hupitia pale akitoka shule, ila kumwiga baba yake ameacha. Hukaa karibu naye, na baba humtazama ile sare, akatabasamu.

"Uko darasa la ngapi siku hizi, mwanangu?"

"La saba, baba."

"La saba! Jamani, mtoto amekua! Mbona hamkuniambia?" Huwageukia wateja wote, uso umejaa furaha. "Mmesikia? La saba!"

Na wateja, ambao jana pia walisikia, huitikia kwa pamoja: "Hongera, kinyozi." Hakuna anayecheka.