Mdogo Wangu Alipaka Chokaa Juu ya Deni

Nina miaka arobaini na tisa, nauza samaki wakavu soko kubwa la hapa Likasi, na nina mdomo. Waulize wateja wangu. Sikujua kwamba ipo siku mdomo huu utakosa neno mbele ya mama yangu mzazi... Ndugu zangu mnaosoma, nivumilieni.

Nyumba yetu ilijengwa na baba kwa jasho la kiwandani. Vyumba vinne, na nyuma kijumba cha wapangaji. Baba alilipa kodi ya serikali kila mwaka bila kusukumwa. Alipokufa tulilia, tukafanya matanga, tukagawana makoti yake. Kodi hakuna aliyeikumbuka. Pesa ya wapangaji tuliikumbuka vizuri sana, hiyo tuliila mwaka baada ya mwaka.

Asubuhi moja wakaja watu wawili wa ofisi ya kodi na kopo la rangi nyekundu. Waliandika kwenye ukuta unaotazama barabara yale maneno ya Kifaransa ambayo hapa kwetu hata asiyesoma anayajua: nyumba imekamatwa, haiuzwi. Tusipolipa malimbikizo yote, itapigwa mnada.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba. Kila asubuhi tulimtolea kiti aote jua mbele ya nyumba, chini ya ukuta uleule. Wapita njia wanasoma, kisha wanamsalimu kwa sauti ya msibani. Siku moja akaniita.

"Vero, minye sitaki kufia mu nyumba iko na deni. Baba yenu atanipokea namna gani kule?"

Hilo ndilo neno lililonisimamisha. Nilikwenda ofisini mwenyewe. Mkuu wao hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akakubali tulipe kidogo kidogo, akasema siku tutakapomaliza watakuja wao wenyewe kufuta maneno yao. Fungu la kwanza nililipeleka kwa mkono wangu. Foleni ilinila siku nzima, soko nikalikosa.

Ndipo akaja Donat, kitinda mimba wetu. Huyu nimembeba mgongoni mimi, niliacha shule kwa ajili yake, nikakaanga mikate ya kuuza mpaka akamaliza yake. Sasa ana kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa.

"Yaya, acha minye nipeleke," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Weye utakosa soko bure."

Nilitokwa machozi ya furaha. Nikasema, kumbe malezi hayapotei! Tangu hapo kila mwezi nilimkabidhi Donat fungu letu. Risiti je? Alisema karatasi zote zitatoka pamoja mwishoni, nikaitika. Mtoto niliyemfyonza makamasi kwa mdomo wangu, nimwombe risiti kama mpangaji? Kwetu huko ni kumtukana mtu.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Jumapili baada ya misa, Donat akafika na mfuko wa chokaa na brashi. Alisema deni limekwisha! Mtu wa ofisi ametumwa Kambove, kwa hiyo wamemruhusu yeye afute. Akavua shati, akapaka ukuta mzima. Majirani walitoka, wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikachinja majogoo wawili.

Na mama... Mama aliinuka kitini peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akagusa ukuta ungali mbichi, akachukua chokaa ile kwa kidole, akampaka Donat kwenye paji la uso, kama wazee wetu wanavyobariki kwa pemba, ule udongo mweupe.

"Mutoto yangu, uende mbele. Umenitosha haya," akasema, yaani amemwondolea aibu.

Donat alipiga magoti akapokea. Alipokea, ndugu zangu, na hakupepesa jicho. Kisha akala jogoo.

Mvua ya kwanza ilinikuta njiani nikitoka sokoni, beseni kichwani. Nilipofika kwetu nilisimama barabarani kama mjinga. Chokaa ilikuwa inatiririka ukutani mpaka kwenye matope, na chini yake herufi nyekundu zinatoka, moja baada ya nyingine. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango, anatazama maji meupe yakipita miguuni pake. Hajui kusoma, lakini alielewa kabla yangu.

Kesho yake nilikuwa ofisini kabla hawajafungua. Mkuu yule alinitazama kwa huruma. Alisema tangu lile fungu nililoleta mimi, hakuna mtu aliyefika kwa jina la baba yetu. Hakuna hata mmoja.

Nilimfuata Donat Kakontwe. Hakukana. Pesa ilikwenda kwenye shimo la wachimbaji Kambove, rafiki zake walimwambia shaba inaonekana kwa macho. Shimo likatoa maji.

"Yaya, nilitaka nirudishe yote mbele ya mvua."

Kabla ya mvua! Kwa hiyo alijua. Mtu anayekula kwa chokaa alijua kabisa kwamba ile haitashika, na bado akampelekea mama paji la uso. Kikulacho ki nguoni mwako, ila mimi nguo yenyewe niliifuma.

Majirani walinishauri nimshitaki, akale maharage ya gereza la Buluo. Nilikuwa tayari, nimeshavaa viatu. Mama akanishika kitenge.

"Vero, siku ile nilimupaka... alijua?"

Nilitafuta uongo wa kumpa. Mimi ninayeweza kumuuzia mtu samaki wa mwaka jana, nilikosa. Mama akageukia ukutani, nami nikavua viatu. Hakuomba kiti chake tena. Alikufa mvua zikiendelea, na jeneza lake lilipita mbele ya maneno yale mekundu. Donat alikuja kubeba. Nilimtoa mkono kwenye jeneza mbele ya watu wote, na mpaka leo sijajua kama nilifanya vibaya.

Sasa friza yangu ya kuuzia maji baridi nimeiuza, vyumba vinne nimepangisha, nalala kijumba cha nyuma kilichokuwa cha wapangaji. Fungu la kila mwezi napeleka mwenyewe, napanga foleni mwenyewe, risiti naikunja mwenyewe. Nyumba nitaiokoa, naona. Lakini aliyetaka kufa bila deni hayupo tena, na nani atamrudishia kifo chake?

Ninawaomba, ndugu zangu. Kama mna nyumba ya wazazi, ulizeni kodi yake leo, msingoje rangi nyekundu. Na mdogo wako akikuambia "lete nikupelekee", mshukuru, mpe chakula ashibe, kisha vaa viatu vyako uende.