Kasha la Kura za Zambarau

Kosa lilikuwa langu, tena nililifanya kabla sijanywa chai.

Mimi ni mtia rangi vitambaa. Kila asubuhi nawasha moto chini ya mapipa, mvuke unapanda, na uani kwetu vitambaa vilivyoanikwa vinapumua polepole kama watu waliolala. Binti yangu Chiriku, jina tulilompa kwa sababu ya mdomo wake, hupita katikati ya vitambaa hivyo akienda shule, akiimba, nami naona miguu yake tu. Asubuhi ile hakuimba. Ningeshtuka, lakini kichwani nilikuwa na uchaguzi.

Mji wetu ulikuwa umechagua meya. Aliyetangazwa mshindi ni mwenye kiwanda cha magodoro. Sisi mtaani tulimtaka mama mmoja, daktari wa meno. Nilizoea kuwatania majirani, "Mmoja atatung'oa, mwingine atatulaza. Chagueni wenyewe!" Tofauti ya kura ilikuwa ndogo, na tangu matokeo yatangazwe watu walinong'ona kwamba kuna mchezo mchafu umechezwa.

Usiku mvua ilinyesha sana. Kulipokucha, ukungu ulikuwa mzito, nyumba za jirani zikawa kama zimechorwa kisha zikafutwa. Nikatoka kuzibua mtaro mbele ya karakana yangu, na hapo nikaliona: kasha jeupe la plastiki limekwama kwenye takataka, mfuniko wake una tundu jembamba la kupitishia karatasi.

Nikalifungua. Karatasi zilikuwa zimelowa chepechepe, zambarau tupu. Sura mbili zilinitazama kutoka humo kama watu walio chini ya maji: daktari na mwenye magodoro. Karatasi ya kwanza, tiki kwa daktari. Ya pili, daktari. Ya tatu, daktari!

Miwani yangu ilikuwa juu ya kabati, pembeni ya stashahada yangu ya utiaji rangi; sikuifuata. Nikapaza sauti, "Jamani, kura zetu hizi hapa! Zimetupwa mtaroni!"

Watu wakatokeza kwenye ukungu, mmoja mmoja, wengine na miswaki mdomoni.

"Nilisema mimi!" fundi cherehani wa jirani akapiga makofi. "Sikusema?"

"Kituo kilikuwa pale shuleni," mwingine akasema. "Na shule inalindwa na nani?"

Wote tulimjua. Mzee Tochi, mlinzi aliyepewa jina hilo kwa sababu hutembea na tochi inayowaka hata saa sita mchana. Chai yangu ilikuwa haijachemka askari wakawa wameshamchukua. Alipita mbele ya mlango wangu katikati ya askari wawili, tochi yake ikitoboa ukungu.

"Baba Chiriku," akaniita. "Hata wewe?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Askari walichukua mtu wakasahau kasha, basi wakala wa daktari, aliyemsimamia kura zake, akaniomba nilitunze karakanani mpaka aje na gari tulipeleke tume ya uchaguzi. Nikajiona mtu mkubwa. Nikakaa karibu nalo, mvuke umenizunguka, nikiota hotuba nitakayoitoa siku ya ushindi.

"Baba."

Sauti ilitoka nyuma ya kitambaa cha buluu. Chini niliona viatu vya shule.

"Wewe hujaenda shule? Toka huko."

"Babu Tochi watamfunga?"

"Kama ameiba kura, watamfunga."

"Na kama hakuiba?"

Kitambaa kikavuta pumzi, kikaitoa. Kisha Chiriku akaanza kulia.

"Lile kasha ni letu, baba. Tulicheza uchaguzi uani. Picha tulizikata kwenye vipeperushi. Mama akaniambia nikalitupe jalalani, mimi nikaona mbali, nikalitumbukiza mtaroni."

"Usinichezee, mwanangu. Mbona kura nilizoziona zote ni za daktari?"

"Wenzangu wanampenda. Halafu mimi nilipiga sita."

"Sita!"

"Nilikuwa msimamizi."

Nikaenda kuchukua miwani. Loo! Kasha lilikuwa la unga wa rangi ya zambarau, mali yangu mwenyewe. Nilichota rangi humo mwaka mzima, na alama ya kijiko changu ilikuwa bado ukingoni.

Siwafichi, nilishawishika. Ningenyamaza, daktari angepata ushahidi wake, na mtaa ungenibeba begani. Mlangoni, honi ikalia. Wakala akaingia akikunja mikono ya shati.

"Tayari, kaka? Twende tume."

"Twende polisi kwanza," nikasema, nikamweleza.

Akatazama nje, akashusha sauti. "Kwani nani anajua? Wewe na mtoto tu."

"Na Babu Tochi," Chiriku akasema. "Yeye anajua hakuiba."

Wakala akakunjua mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine. Mwisho akatufungulia mlango wa gari.

Kituoni askari alibandua karatasi moja baada ya nyingine. Katikati akakuta kura aliyopigiwa paka wetu, amechorwa kwa kalamu na masharubu yote. Askari akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mzee Tochi akaachiwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuiwasha tochi yake aone kama haijaharibiwa.

"Babu, nisamehe," Chiriku akasema.

"Nisamehe na mimi, mzee," nikadakia.

Mzee akamshika mtoto mkono, tukatembea kurudi nyumbani, ukungu ukiyeyuka mbele yetu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema. "Kama kura zimeibwa, zitafutwe kwa ushahidi wa kweli. Ushahidi wa uongo ukigundulika, hata mwenye haki hasikilizwi tena. Leo umesema ukweli ambao haukuusaidia upande wako. Ni kazi ngumu hiyo, na umeiweza." Kisha akanimulika usoni. "Na wewe, baba yake, ukiona kitu kitazame kwanza, ndipo upige kelele."

Daktari alipeleka malalamiko yake bila kasha langu. Kura zikahesabiwa upya mbele ya mawakala wa pande zote. Kituo kimoja cha kupigia kura kilikutwa tarakimu zake zimechezewa kweli, zikarekebishwa, na aliyezichezea akafikishwa mahakamani. Hata hivyo mwenye magodoro alibaki mbele, kwa tofauti ndogo kuliko ile ya kwanza. Basi, tukalazwa. Lakini tulilala tukijua tumehesabiwa.

Jumamosi watoto walicheza tena uchaguzi uani, mvuke ukipita juu ya vichwa vyao. Chiriku alipiga kura moja tu, niliona kwa macho yangu. Mzee Tochi alichuchumaa nao, akimulika ndani ya kasha huku wakichambua karatasi.

"Naombeni na mimi nihesabu," nikasema.

Karatasi zikaendelea kupita mkono kwa mkono. Vitambaa vikapumua.

"Jamani, naombeni basi nishike hata moja. Miwani nimevaa."