Mkuyu Uliohamishwa

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye kitalu cha miche, nimeukumbatia mti kama mtoto mwenye homa.

"Mzee, hicho kiua kimepatwa na nini?" aliuliza mwenye kitalu, ambaye wateja wote humwita Mama Miche.

"Si ua, mama. Ni mkuyu. Una miaka thelathini na mmoja."

"Na haufiki goti langu! Kumbe umekula chumvi nyingi kuliko mimi."

Sikucheka. Mkuyu ule ni bonsai ya marehemu mke wangu, mti unaolelewa chunguni ubaki mdogo. Aliupogoa na kuumwagilia kila jioni hadi wiki aliyokufa. Nilipohamia chumba cha uani kwa binti yangu, nikauhamishia chungu kipya, nikapunguza mizizi kama nilivyomwona akifanya. Tangu siku ile majani yanalegea, yananing'inia, yanadondoka.

Mama Miche alikwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. "Bado mzima." Akachomeka kijiti kwenye udongo. Kilitoka kimelowa. Akakinusa, akakunja uso.

"Mizizi inaoza. Mti uliokatwa mizizi hauwezi kunywa, nawe unaugharikisha. Umemwagilia lini?"

"Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa.

Alikitupa kijiti. "Basi kuna anayekusaidia."

Aliung'oa, akakata mizizi iliyokuwa myeusi, akaurudisha kwenye kokoto na mchanga, akaufunga kamba usitikisike. "Weka kivulini. Nyunyizia majani tu. Udongo usiguswe na maji mpaka kijiti kitoke kikavu. Ukilowa tena wiki hii, mzee, utabaki kuni."

Nyumbani nilimuuliza binti yangu.

"Baba, ufunguo wa chumba unao wewe peke yako." Kisha, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Au unamwagilia halafu unasahau?"

Kesho yake, kabla jua halijazama, nilifunga mlango kwa ufunguo. Kopo la kumwagilia nililificha sandukuni. Nikaketi kuukabili mti, taa sijawasha.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Vumbi lililoguswa na mvua. Mvua haijanyesha miezi miwili.

Kisha...

Ko. Ko. Ko.

Mke wangu, akimaliza kumwagilia, aligonga ukingo wa chungu kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akisikiliza kama udongo umeshiba. Hakumfundisha mtu mwingine.

Chini ya chungu maji yalianza kudondoka. Tone... tone...

"Mama watoto," nilinong'ona. "Acha. Unauua."

Tone...

"Mizizi nimeikata mimi. Hauwezi kunywa kama zamani."

Matone yakakoma.

Niliwasha taa. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Kopo lilikuwa kavu. Niliikagua pia mikono yangu, kwa sababu ya maneno ya binti yangu. Ilikuwa mikavu.

Tangu jioni ile udongo haukulowa tena. Wiki ya nne lilichipuka jani jipya, dogo kama ukucha wa mtoto. Nikaupeleka mti kwa Mama Miche. Alifurahi, kisha akashusha sauti.

"Ulimkataza?"

"Nilimkataza."

"Na sasa anamwagilia nini?"

Nilirudi nyumbani, nikaweka mti kivulini, nikavua viatu na kuketi. Uani wajukuu walikuwa wakicheza. Hakuna aliyebisha hodi. Giza likaanza kuingia.

Ile harufu ya mvua.

Ko. Ko. Ko.

Safari hii ilikuwa kwenye mguu wa kiti changu.

Halafu maji. Baridi, taratibu, kama alivyoyamimina daima ili udongo usichimbike. Yalianza vidoleni mwa miguu, yakapanda hadi kwenye vifundo. Nilitaka kusema lile neno, acha. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini ulikuwa mwezi wa tisa tangu mtu aniguse.

Sasa huja kila jioni. Mkuyu unastawi.

Leo asubuhi binti yangu aliniletea chai, akasimama mlangoni, akaziba pua.

"Baba, humu mnanuka nini? Kama kitu kinaoza."

Nilivuta blanketi, nikafunika miguu.

"Ni udongo tu, mwanangu," nilimwambia.

Sijamkataza mama yake.